Jino Moja, Picha Moja

Ofisini kwetu, orofa ya tatu, mjini Genti,
kazi yangu ni kuhesabu asilimia.
Picha ikiuzwa tena, aliyeichora hukatiwa kipande:
nne kwa mia, kisha tatu, kisha punje.
Akifa, hukatiwa watoto wake, miaka sabini.
Haki hii huifuata picha kama mkia umfuatavyo paka,
ukuta kwa ukuta, mrithi kwa mrithi,
mpaka penye mpaka.

Mwaka wa sitini na tatu, Anselm Droogmans
aliumwa gego siku tisa.
Faranga hakuwa nayo. Alikuwa na turubai moja,
kiwanda cha nyuzi kikitoa moshi wa rangi ya siagi,
pembeni rangi haijakauka.
Daktari wa meno akaitazama picha, akalitazama shavu, akasema: Kaa.
Akang'oa.
Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa stakabadhi, akaandika:
Jino moja, picha moja. Hatudaiani.

Hatudaiani.
Neno hilo nimelisoma mara nyingi kuliko sala.

Sasa mjukuu wa daktari anauza.
Wamekadiria laki sita.
Wakili wake akamwambia, usiuzie hapa,
hapa sheria ina meno.
Lori likaondoka usiku, picha imefungwa blanketi
kama mgonjwa anayehamishwa hospitali,
hati za forodha safi, mihuri mitatu, kodi imelipwa.
Hakuna aliyeiba kitu. Andika hivyo.
Sheria ni msumeno, tuliambiwa shuleni;
huu ulikata vizuri tu hadi Basel,
ukafika kwenye kizuizi, dereva akaonyesha karatasi,
ng'ambo ya pili kuni zikalala nzima.

Nikamwandikia bintiye, Godelieve,
anayemenya viazi jikoni kwa shule ya msingi:
Tunasikitika kukuarifu kwamba mauzo haya yako nje ya mamlaka yetu.
Kwenye safu ya kiasi nikaandika sifuri.
Kompyuta ikakataa, ikataka senti.
Sifuri, nukta, sifuri, sifuri.

Jumatano akaja mwenyewe, mikono inanuka vitunguu.
Hakuketi.
Akaweka kaunta barua ya wanadi wa Jeneva:
mnunuzi ni mtu mwangalifu, Madamu,
na majuzi Antwerpen, katika gereji moja,
zimekutwa Droogmans tatu ambazo Droogmans hakuzichora.
Bila ushahidi wa mikono iliyopitia, tangu mkono wa kwanza,
benki haitatoa fedha.
Je, labda, kwa bahati, unayo karatasi yoyote?

Anayo.
Katika kopo la biskuti, nakala ya kaboni, wino wa zambarau,
na doa kwenye kona, ambalo yeye anasema ni damu ya baba
na mimi nadhani ni jamu.

"Sheria inanilazimisha niwape?"

Nikafungua kitabu. Nikajifanya natafuta,
kwa sababu jibu nililijua na nilitaka likawie kidogo
kama peremende mdomoni.
Hakuna kifungu. Hakuna ibara ndogo.
"Hapana, mama," nikasema,
kwa sauti ambayo ofisi hainilipii.

Akaomba kalamu. Akageuza barua yao,
akaandika nyuma yake, herufi kubwa za mtu wa jikoni:

Waheshimiwa, karatasi ninayo.
Imesema hatudaiani, nami nimenyamaza miaka yote.
Ninyi ndio mmekuja kudai.
Basi tuanze upya: rudisheni jino.

Akabandika stempu yake, si ya ofisi.
Mlangoni akageuka, akauliza kama basi namba tano
bado husimama mbele ya posta.

Mnada ni kesho.
Faili sijalifunga.
Nimeifuta sifuri kwenye safu ya kiasi;
mashine haikubali nafasi tupu, inanionya kwa wekundu,
na kishale kiko palepale, pale pa kuandika,
kinapwita,
kinapwita,
kama ufizi.